Mzee Aliyeomba Ashushwe Cheo

Nyinyi vijana mnaoingia kazi za ofisi siku hizi, mkiwa na kompyuta mezani, huniuliza ni jambo gani lililonitoa jasho katika miaka yangu ya ukarani. Yalikuwa mengi, lakini lipo moja nililolikosea vibaya, na mpaka leo nashukuru kwamba nililikosea mikononi mwa watu wenye subira. Lilikuwa ombi la mzee mmoja, askari mstaafu kutoka upande wa Busia, aliyetaka cheo chake kirekebishwe kwenye kumbukumbu za jeshi. Mtasema hilo ni ombi la kawaida. Hata mimi nilidhani hivyo.

Naitwa Athieno, mzaliwa wa Nabuyoga. Nilianza kazi Tororo katikati ya miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya na bendera ya ofisini bado haijapauka. Masista wa misheni walikuwa wamenifundisha kupiga taipu bila kutazama vidole, nami nikaamini kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika chumba chetu, na kasi yangu ilinivimbisha kichwa. Wageni waliokuja ofisini walisimama mlangoni kunitazama nikipiga, nami nikizidisha mbio wakisimama.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jengo, dirisha likitazama ule mwamba mkubwa wa Tororo. Tulishughulikia mambo ya watu waliopigana vita vya pili vya dunia: nishani zilizopotea, majina yaliyoandikwa vibaya, vyeti vilivyoliwa na mchwa. Kila Jumanne wazee walijaa kwenye benchi la nje, kila mmoja na kitabu chake cha kuachishwa jeshi, kimefungwa kwa kitambaa au kimetiwa kwenye kopo la chai. Walikuwa Wajopadhola, Wateso, Wasamia, na wote walielewana kwa Kiswahili cha jeshini, kile cha amri fupi fupi. Mtu alisema "mimi nakuja ona karani" na hakuna aliyeona kasoro.

Karani mkuu alikuwa Bwana Obbo, mtu wa Mwello, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwenye sikio moja kwa uzi wa kushonea. Kila nilichokijua baadaye kuhusu karatasi kilitoka kwake. Alinifundisha kwamba saba inayoandikwa kwa mkono hupigwa mstari kiunoni, ili isije ikasomwa moja. Alinifundisha kukagua tarakimu mara mbili, maana mashine yetu haikuwa na kitufe cha moja. Tulitumia herufi ndogo ya L, na mgeni wa kazi angeweza kuzichanganya. Kuhusu karatasi ya kaboni, ile ya kutolea nakala, nilijifundisha mwenyewe. Wiki yangu ya pili niliiweka upande uliogeuka, nikapiga barua nzima ya mkuu wa ofisi, na nakala yote ikajichapa nyuma ya barua ile ile, kinyumenyume. Bwana Obbo aliishika mbele ya dirisha, akaisoma kutoka nyuma kwa mwanga, akaniambia haina kosa hata moja la tahajia. Kisha akanipa karatasi nyingine.

Agizo lake kubwa lilikuwa hili: mwenye barua asomewe barua yake, kwa lugha anayoielewa, kabla hajatia sahihi. Barua zote za serikali ziliandikwa kwa Kiingereza, na wazee wengi hawakukijua. Niliitii amri hiyo miezi ya mwanzo. Halafu foleni ikawa ndefu, nami nikawa hodari, nikaanza kuiruka.

Maombi ya kurekebisha cheo yalikuwa mengi, na yote yalielekea upande mmoja. Mtu aliachishwa akiwa sajini, kitabu kinasema koplo. Mtu alikuwa koplo, kitabu kinasema askari wa kawaida. Nikatengeneza mfano wa barua wenye nafasi wazi za jina, namba na vyeo viwili. Ningeweza kumaliza ombi moja kabla mzee hajamaliza kueleza.

Ndivyo nilivyomhudumia Nikodemo Wandera.

Alikuwa Msamia, mkulima wa pamba na wimbi karibu na Busia, upande wetu wa Uganda. Alikuja Tororo kwa baiskeli, safari ya nusu siku, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alizungumza polepole sana na kwa sauti ya chini. Alisema amekuja kwa habari ya cheo. Alisema kuna sajini na kuna koplo na kumbukumbu si sawa. Aliendelea kusema, lakini mimi nilikuwa nimeshachukua kitabu chake, nimeshatia karatasi kwenye mashine na vidole viko kazini. Kitabu kiliandikwa "Sajini N. Wandera". Kama ningetuliza macho pale kwa muda wa kumeza mate ningeshtuka, lakini nilitazama namba ya jeshi tu, ambayo ndiyo niliyoihitaji. Nikaandika kwamba mwombaji anaomba cheo chake kisomeke Sajini badala ya Koplo. Akatia sahihi kwa mwandiko safi wa shule ya misheni. Akanishukuru mara tatu, akaondoka.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili hivi. Ofisi ya kumbukumbu za jeshi iliandika kwa ufupi kwamba mtu huyo tayari ni Sajini kwenye majalada yao, hivyo hakuna cha kurekebisha, na tafadhali tusiwapotezee muda. Mimi nilifurahi. Mzee Wandera aliporudi Jumanne moja nilimpa habari kama mtu anayempa mwenzake zawadi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yeye ni sajini, na makao makuu wamekiri.

Alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Binti yangu," alisema, "mimi si sajini. Mimi ni koplo. Nilikuja waniondolee hicho cheo."

Niliinuka kufunga mlango, maana benchi lote lilikuwa limenyamaza. Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Nikaondoa mikono kwenye mashine na kusikiliza.

Alinieleza kwamba aliingia jeshini siku moja na rafiki yake, Naftali Wandera. Ukoo ni tofauti ila jina ni moja, kama mjuavyo Wandera walivyo wengi kule. Kwao Naftali ni upande wa pili wa mpaka, Kenya, lakini wote wawili waliandikishwa hapa hapa Tororo, watu watano tu kati yao kwenye mstari. Namba zao zilifanana isipokuwa tarakimu ya mwisho: ya Nikodemo iliishia na moja, ya Naftali na saba. Walikwenda Burma pamoja. Huko, siku moja, kiongozi wao alijeruhiwa ng'ambo ya mto wenye mafuriko, na ni Naftali aliyewavusha watu kumi na wawili kurudi, akiwatangulia kwa kamba mara tatu. Kwa sababu hiyo akapewa usajini. Nikodemo alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili.

Vita vilipokwisha waliletwa kambini kuachishwa. Karani wa kambi aliita majina na kugawa vitabu. Wandera wa kwanza kuitwa alikuwa Nikodemo, akapewa kitabu kinachosema Sajini. Alikisoma. Alijua kuwa cheo kile si chake. Akakitia mfukoni na kupanda lori. Akiwa juu ya lori alimsikia Naftali pale mezani akibishana, akisema yeye si koplo, na karani akimjibu kwamba magari yanaondoka, aende nyumbani aandike barua.

"Mimi nilikuwa nasikia," alisema Mzee Nikodemo. "Nilikuwa nimekaa tu. Nilijiambia, atarekebishiwa huyo, yeye anajua kusema."

Hapakuwa na pesa katika jambo hili, nataka mlielewe hilo. Kiinua mgongo chao walikipokea zamani na kikaisha. Alichokipata Nikodemo kwa karibu miaka ishirini kilikuwa kuitwa. Kanisani alikaa kiti cha mbele. Kwenye mikutano ya kijiji walimwita Sajini kabla ya kumpa nafasi ya kusema. Alikiri kwangu kwamba mwanzoni lile jina lilimwasha kama upupu, halafu likazoeleka, halafu akaanza kulipenda.

Kilichomleta Tororo kilikuwa habari aliyoisikia sokoni Busia. Naftali alikuwa amehudhuria kumbukumbu ya askari waliokufa, upande wa Kenya, akiwa amevaa tepe tatu za usajini alizotoka nazo Burma. Chifu wa pale akamwomba kitabu, akakuta kimeandikwa koplo. Akamwamuru azifumue tepe mbele ya watu. Naftali hakuwa na wembe. Alizifumua kwa meno. Tangu siku hiyo hakuenda tena mikutanoni, na hata wanawe waliacha kumuuliza habari za vita.

Nikampeleka Mzee Nikodemo kwa Bwana Obbo, nikasimama pembeni nikingoja kufukuzwa kazi. Bwana Obbo alisikiliza yote. Kisha akaniuliza swali moja tu, kama nilimsomea mzee barua yake kabla hajaitia sahihi. Nikasema hapana.

Hakunikemea. Aliniambia nikae niandike barua mpya, na sentensi yake ya kwanza iseme kwamba barua ya mwanzo ilikosewa na karani, jina lake Athieno, wala si na mwombaji. Nilipiga taipu polepole kuliko siku yoyote tangu nitoke kwa masista. Nyinyi mkikosea, wanangu, andikeni kosa lenu kwenye mstari wa kwanza. Ukilificha katikati ya barua, msomaji atalifikia akiwa ameshachoka na wewe.

Barua haikwenda siku ile, maana mkuu wa ofisi alikataa kutia sahihi. Alikuwa kijana aliyetoka masomoni, mtu mwema lakini mwoga wa majalada. Alisema mtu anayeomba kushushwa cheo ama ni mgonjwa ama anaficha jambo kubwa zaidi, na kwamba mzee anaweza kushtakiwa kwa kujifanya sajini miaka yote hiyo. Bwana Obbo alikubali kwamba hatari hiyo ipo. Akamweleza Mzee Nikodemo bila kuzungukazunguka: waweza kuulizwa kwa nini ulinyamaza, na mimi sina la kukusaidia hapo. Nenda nyumbani, zungumza na mama, urudi ukiwa umeamua.

Alirudi Jumanne iliyofuata, akiwa amempakia mkewe nyuma ya baiskeli. Mama yule hakukaa. Alisema kwa Kisamia, na mumewe akatafsiri, kwamba amelala kitanda kimoja na jambo hili bila kulijua, na sasa analijua, na hawezi tena kumwita mumewe kwa cheo cha mtu. Mkuu wa ofisi alitoka chumbani kwake, akamsikiliza, akarudi ndani. Baada ya muda mfupi barua ikatoka ikiwa na sahihi. Namshukuru kijana yule. Angeweza kuiacha ikae mezani mpaka sote tustaafu, na hakuna ambaye angemlaumu.

Makao makuu safari hii waliamka. Waliandika kwamba watatoa majalada yote mawili, lakini wanataka maelezo ya kiapo ya watu wote wawili, yaliyochukuliwa wakiwa pamoja, na alama za dole gumba za kila mmoja. Siku ya kuandikishwa kila askari alipigwa chapa ya dole gumba kwenye fomu yake. Mwandiko hubadilika, sura huzeeka, cheo hukosewa, ila dole gumba lingewaambia nani ni nani.

Tatizo likawa Naftali. Tulimwandikia aje Tororo. Akarudisha jibu kwa mdomo, kupitia kwa mfanyabiashara wa samaki, kwamba hataingia tena ofisi yoyote yenye karatasi za jeshi. Bwana Obbo akasema basi ofisi itamwendea.

Tulikwenda Busia kwa basi la asubuhi, Bwana Obbo na mimi, na ile mashine ndogo ya taipu kwenye sanduku lake mapajani mwangu. Mzee Nikodemo alitupokea, akaifunga mashine kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake kwa kamba ya mpira, na tukaanza kutembea kuelekea upande wa pili. Siku hizo mpaka ulikuwa barabara tu yenye kizuizi, na watu walikwenda na kurudi na ndizi na samaki kama mtu anayetoka jikoni kwenda sebuleni. Lakini polisi mmoja wa upande wa Kenya aliliona sanduku. Akataka kujua tunapeleka nini kuuza.

Bwana Obbo akamwonyesha barua ya ofisi. Polisi akasema barua hata wafanya magendo wanazo. Akaniuliza kama mashine ni yangu kweli, mbona naonekana mdogo. Nikamwambia anipe jina lake. Nikaketi juu ya jiwe, nikaiweka mashine magotini, nikapiga jina lake, cheo chake na salamu njema kutoka Tororo, bila kutazama vidole. Aliisoma karatasi ile mara mbili. Hakuna mtu aliyewahi kuliandika jina lake kwa mashine, alisema. Akaikunja akaitia kwenye mfuko wa kifuani, akatuinulia kizuizi mwenyewe. Yale majivuno yangu ya kupiga taipu, siku hiyo moja, yalitufaa.

Boma la Naftali lilikuwa mwendo wa saa moja kutoka pale. Tulimkuta ameketi kivulini nyuma ya nyumba akisuka mgono wa kutegea samaki. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini vidole vilijua njia. Chifu wa pale, yule yule wa tepe, alikuwa amefika kabla yetu kwa kuwa sheria ilitaka ofisa wa upande wa Kenya ashuhudie. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

Nikodemo alisalimu, "Mulembe." Naftali akaacha kusuka.

"Hiyo sauti ni ya Wandera mwenzangu," alisema.

Walikuwa hawajakutana tangu kambini. Hebu fikirini: mwendo wa saa chache tu kati ya nyumba na nyumba, na mmoja akikwepa kwa karibu miaka ishirini. Bwana Obbo alitaka kueleza, lakini Nikodemo akamgusa mkono. Akachuchumaa mbele ya rafiki yake, akasema yote kwa Kiswahili ili sisi tuelewe: kitabu, mfuko, lori, na kwamba alimsikia akibishana.

Kuku walipita katikati yetu.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Naftali.

"Tangu siku ile ile."

"Kwa nini hukushuka kwenye lori?"

"Nilipenda," alisema Nikodemo.

"Ulipenda nini?"

"Kuitwa."

Naftali aliugeuza mgono ule mikononi mwake. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kwamba miaka yote hii amekuwa akimlaani yule karani wa kambi katika sala zake, yeye na watoto wake, na pengine maskini yule aliponzwa tu na mwandiko wa mtu. Akanigeukia, maana alikuwa ameambiwa mimi ni karani, akaniomba nipokee radhi zake kwa niaba ya makarani wote. Nikashindwa kumtazama. Nilimwambia kwamba hata mimi niliandika kinyume ombi hili hili, na kwamba ndiyo maana limechelewa. Akacheka kidogo, na kicheko hicho kilimsaidia kila mtu kuvuta pumzi.

Halafu akamwita mkewe na watoto wake waliokuwa watu wazima, wawili wakitoka shambani na majembe. Akamwambia Nikodemo, "Sema tena. Kwa lugha yetu, wasikie hawa."

Nikodemo akasema tena, kwa Kisamia. Sikuelewa maneno, lakini nilimwona mwana mkubwa akiweka jembe chini taratibu, na nilimwona chifu akilisogelea duara la watu mpaka akawa ndani yake. Nikodemo alipofika kwenye habari ya mto alinyoosha mkono mara tatu, akionyesha kamba. Mkewe Naftali alijifunika uso kwa khanga. Watoto wale walikuwa wameshaisikia habari ya mto kwa baba yao, na wakaacha kuiamini. Sasa waliisikia kwa mtu aliyevushwa.

Nikafungua mashine juu ya stuli. Bwana Obbo aliuliza, nami nikapiga. Nilipowauliza namba zao za jeshi walizitamka kwa pamoja, haraka, vifua mbele, kama wameulizwa jana. Ya Naftali niliipiga taipu, kisha nikaiandika pembeni kwa kalamu, saba ikiwa na mstari kiunoni. Nikamsomea kila mmoja maelezo yake kwa Kiswahili, neno kwa neno, na bintiye Naftali akarudia kwa Kisamia pale walipotaka.

Kabla ya kupiga dole gumba Naftali aliuliza kama mwenzake anaweza kufungwa. Bwana Obbo akajibu kwamba inawezekana, hawezi kudanganya. Naftali akaomba niongeze mstari kwenye maelezo yake. Aliutamka polepole nami nikaupiga hivyo hivyo: kwamba yeye, Naftali Wandera, hana kesi na Nikodemo Wandera, na hataki serikali yoyote, ya huku wala ya kule, iwe na kesi naye. Kisha akabonyeza dole gumba lake kwenye wino. Chifu akatia sahihi kama shahidi. Alipomaliza alibaki amesimama na kalamu, akamwambia Naftali kwamba ana neno lake pia, lakini atalisema mahali pale pale alipomwambia afumue tepe. Tukachinjiwa kuku wawili, tukala na samaki wa kukaanga, na tukachelewa basi letu la mchana.

Tulingoja zaidi ya mwaka. Katika kungoja huko Bwana Obbo alistaafu, akarudi Mwello kwenye mihogo yake, na kila nilipokwenda kumsalimu aliuliza kwanza habari ya akina Wandera, ndipo aulize afya yangu. Siku majibu yalipofika nilipanda baiskeli ya kuazima nikampelekea nakala mwenyewe. Aliisoma akiwa na miwani yake ya uzi. Madole gumba yalikuwa yamethibitisha kila kitu. Kosa lilitokea kambini, katika kusoma tarakimu ya mwisho. Majalada yamerekebishwa, na jambo la kunyamaza kwa mwombaji halitafuatiliwa, kwa kuzingatia kwamba alilileta mwenyewe na mwenzake hana kesi naye. Bwana Obbo aliniambia kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kuona ofisi ikitumia neno "mwenzake" kwenye barua. Aliniomba nimwachie nakala ile. Sheria haikuruhusu. Nikamwachia.

Kitabu kipya cha Naftali kilipitia upande wa Kenya. Chifu alikisoma kwenye mkutano wa hadhara, akaeleza pia kosa lake mwenyewe, akamwomba radhi mbele ya watu wale wale. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa na Nikodemo, ambaye alikwenda kwa baiskeli na kusimama nyuma kabisa. Alisema Naftali hakuvaa tepe siku ile. Alikuwa amezipeleka kwa binti yake mkubwa ashone, na binti akasema atazishona kwa uzi mara mbili na kazi haijaisha.

Kitabu cha Nikodemo kilikuja kwetu, na Jumanne moja nikamkabidhi. Benchi lilikuwa limejaa wazee, na wengi walijua habari ile, kwa sababu hakuna kinachofichika kwenye benchi. Nilitaka kumwita ndani nimpe kimya kimya, kwa heshima. Yeye akaniomba nisimame mlangoni na kuita kwa sauti, kama ilivyopasa kuitwa kambini.

Nikasimama mlangoni. Nikasoma namba yake yote, inayoishia na moja. Nikasema, "Koplo Nikodemo Wandera."

Mzee mmoja akaanza kucheka, kwamba mtu amesafiri mara zote hizo kuja kuchukua cheo kidogo kuliko alichokuwa nacho. Nikodemo aliinuka akanyooka, visigino vya kandambili za matairi vikagongana, akaitika kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Aliyekuwa akicheka naye akasimama, na aliye karibu naye, mpaka benchi lote likawa tupu. Nilimpa kitabu kwa mikono miwili. Akapokea, akakifungua, akakisoma pale pale aliposimama, mpaka mwisho.